Hakimu naye analipwa na Serikali: je, mahakama inaweza kunilinda?

SWALI: Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Miezi minne iliyopita alikamatwa kwa tuhuma za pikipiki ya wizi, akakaa kituoni siku sita bila kufikishwa mahakamani. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi unaendelea. Siku ya saba akaachiwa, hakuna shtaka, hakuna maelezo. Jirani anasema tulipaswa kwenda mahakamani. Mimi sioni maana yake: polisi analipwa na Serikali, hakimu analipwa na Serikali hiyo hiyo. Na zile kesi kubwa za haki tunazosikia zimeshinda, kama ile ya ndoa za watoto wa kike, mbona sheria iko palepale? Mahakama inamlinda nani hasa?

JIBU: Dada yangu, poleni sana. Jirani yako alisema kweli, na wewe nawe huna kosa kuwa na shaka. Ila nadhani unaitazama mahakama kupitia dirisha moja tu, lile la kesi zinazotangazwa redioni. Huko ndiko iliko dhaifu zaidi. Ulinzi wake mkubwa hupatikana kwenye mashauri madogo ambayo hakuna mwandishi wa habari anayeyafuata: rufaa ya shamba, ombi la dhamana, hoja ya wakili kuhusu saa ambayo maelezo ya mshtakiwa yaliandikwa.

Nianze na mshahara, maana ndilo jiwe ulilolirusha kwanza. Ni kweli jaji anateuliwa na Rais na analipwa kutoka hazina. Lakini mshahara wake unatoka Mfuko Mkuu wa Hazina kwa mujibu wa Katiba, si kwa hisani ya waziri. Na Rais hawezi kuamka asubuhi akamfukuza. Ibara ya 110A inataka iundwe tume ya kumchunguza, ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine ni majaji, au watu waliowahi kuwa majaji, katika nchi za Jumuiya ya Madola. Hakimu wa chini hana ngome ya namna hiyo. Yeye yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sisemi kwamba maandishi ya Katiba yanatosha kumpa mtu ujasiri. Wapo majaji waliokuwa nao na wapo waliokosa, na baadhi ya hukumu nitakazokutajia zinaonyesha aina zote mbili.

Kumbuka pia kwamba mamlaka hii ya mahakama ni changa. Katiba yetu ya 1977 ilizaliwa bila sura ya haki za binadamu. Haki hizo, zile za Ibara ya 12 hadi 29, ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla raia hajaruhusiwa kuishtaki kwa kuzivunja. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Kabla ya hapo, hata jaji jasiri kuliko wote hakuwa na pa kushika.

Mlango ulipofunguka, mmoja wa walioutumia bila kusita alikuwa Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Nitakaa kidogo kwenye shauri lake moja la mwaka 1990, kwa sababu linajibu swali lako kuliko nadharia yoyote.

Mwanamke mmoja wa Kihaya huko Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Alipozeeka akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa mila za Kihaya, zilizokuwa zimeandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, zilisema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuliuza. Mwanamume wa ukoo huohuo aliweza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na yule ndugu. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likapanda hadi kwa Mwalusanya.

Hebu angalia aina ya shauri lenyewe. Halikuwa kesi ya kikatiba, hapakuwa na jopo la majaji wala shirika la haki nyuma yake. Ilikuwa rufaa ya shamba, kama mamia mengine. Jaji akasema: Katiba sasa inakataza ubaguzi wa kijinsia, na sheria ya mpito ya 1984 inaniruhusu kuzisoma sheria za zamani kwa namna inayopatana na Katiba mpya. Kwa hiyo kuanzia sasa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa masharti yaleyale. Na kwa kuwa hata mwanamume akiuza nje ya ukoo, ukoo una haki ya kulikomboa shamba, akampa yule ndugu miezi sita: lete 300,000 uchukue shamba, la sivyo mnunuzi abaki nalo. Ndugu hakupata alichotaka, ukoo haukunyang'anywa utaratibu wake, na mama akabaki na fedha zake. Sijaona hukumu nyingi za haki za binadamu zilizo safi kama hiyo.

Sasa linganisha. Miaka kadhaa baadaye wajane wawili wa Shinyanga, ambao mila za urithi ziliwaacha bila kitu baada ya waume zao kufariki, walichukua njia ile kubwa. Walifungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu kuzipinga kanuni zilezile za urithi. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, kwa kuhofia kwamba ikigusa mila za kabila moja itafungulia madai dhidi ya mila zote. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikalimaliza shauri kwa kasoro ya kiufundi. Wajane wakaenda mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Mimi sikubaliani hata kidogo na ile hofu ya 2006. Ukishasema jambo ni ubaguzi, huwezi kumwambia aliyebaguliwa avumilie kwa sababu waliobaguliwa ni wengi. Lakini jambo ninalotaka ulione ni hili: kwa suala lilelile, rufaa ndogo ya shamba ilifika, na kesi kubwa ya kikatiba ikakwama.

Haikuwa bahati tu. Shauri la kikatiba linaiomba mahakama ifute sheria, na hapo jaji anajua anagusa kazi ya Bunge. Husikilizwa na majaji watatu. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994 inaipa mahakama ruhusa ya kulitupa shauri ikiona kwamba kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu, na mawakili wa Serikali hawachoki kuweka pingamizi la awali kwa hoja hiyo. Mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti kwamba mwombaji aoneshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, wakati Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Sharti hilo nalo limepingwa mahakamani, kwa hiyo yeyote anayetaka kufungua shauri la aina hii amuulize kwanza wakili limefikia wapi.

Tuje kwenye ndoa za watoto, maana hapo umegusa penyewe. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anasubiri hadi 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani. Miaka ikaendelea kupita na maneno yaleyale yakabaki kitabuni.

Kwa nini mahakama haikuyafuta siku ileile? Kwa sababu Ibara ya 30(5) inaipa chaguo la kutofuta papo hapo, badala yake kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Lakini isome hadi mwisho: sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uliowekwa umalizike, na kati ya hayo mawili linaangaliwa litakalotangulia. Muda ukiisha bila marekebisho, uhalali wa kuazimwa nao umeisha. Kwa hiyo mzazi anayemwozesha binti wa miaka 15 leo akidai kwamba sheria inamruhusu, mimi ningemwambia hana pa kusimama, na mfungisha ndoa ningemwambia hivyohivyo. Tatizo ni kwamba habari hiyo haifiki kijijini kwa hukumu. Ingefika kwa tangazo la Serikali na kwa sheria mpya, na hivyo viwili mahakama haiwezi kuvitoa. Yenyewe haina askari, haina bajeti ya kutangaza, na hata mali ya Serikali haikamatwi na dalali wa mahakama kama inavyokamatwa friji yako ukidaiwa.

Kuna hukumu zilizorudishwa nyuma na mahakama yenyewe, na nyingine na Bunge. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikifuta kifungu kilichokataza kabisa dhamana kwa makosa fulani ya unyang'anyi, kwa kuwa kilimkumba mtu hatari na asiye hatari kwa pamoja bila kumpa hakimu nafasi ya kupima. Mei 2020 Mahakama Kuu ikafuata mkondo huo dhidi ya orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaipindua. Mchungaji Christopher Mtikila yeye alishinda suala la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba ili kuuzima ushindi huo. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, akashinda Juni 2013. Uchaguzi wa 2015 ukaja, wa 2020 ukaja, mgombea binafsi hakuruhusiwa. Na Novemba 2019 Serikali ilijiondoa kwenye tamko lililomwezesha raia wa kawaida kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Iliyobaki wazi kwa raia hapo Arusha ni Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye sharti la miezi miwili tangu jambo litokee, muda ambao wengi hugundua umeshapita.

Wenzetu wa Kenya walijifunza kitu hapa. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 22, inasema mtu asitozwe ada ya kufungua shauri la haki, na mahakama ikibidi ipokee hata maombi yasiyo rasmi, kwa mfano barua. Hilo halifanyi kila hukumu yao itekelezwe, lakini linapunguza idadi ya watu wanaorudishwa mlangoni.

Nimekusimulia kushindwa kwingi. Sasa nikupeleke mahali ambapo mahakama hailazimiki kumwomba mtu yeyote atekeleze, kwa sababu utekelezaji uko mikononi mwake yenyewe.

Chukua maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa kituoni na baadaye hupelekwa mahakamani kama ushahidi kwamba alikiri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi muda usiozidi saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Wakili makini anapopewa karatasi ile hasomi kwanza alichokiri mteja wake. Anasoma juu: alikamatwa lini, saa ngapi, na maelezo yalianza kuandikwa saa ngapi. Kama mtu alikamatwa Jumatatu asubuhi na maelezo yameandikwa Jumatano jioni bila sababu, anasimama kabla hakimu hajayapokea na kuyapinga. Majaji wa Rufani wameyaondoa maelezo ya aina hiyo mara nyingi, na pale ambapo hapakuwa na ushahidi mwingine, mshtakiwa ameachiwa. Watu hulalamika kwamba mahakama inawaachia wahalifu kwa sababu tu ya kuchelewa saa mbili tatu. Naelewa. Lakini mtu anayekaa siku mbili kituoni bila kuhojiwa, kisha ghafla anakiri kila kitu, kuna kitu kimempata hapo katikati, na kukataa karatasi hiyo ndiyo njia ya kumfanya askari wa kesho aangalie saa yake. Hakuna waziri anayehitajika hapo, wala Bunge. Hakimu anasema tu: sipokei.

Na sasa mdogo wako. Mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hilo lisipowezekana, mkuu wa kituo anatakiwa alipime jambo lake na amwachie kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kama kosa linaonekana kuwa zito. Uzito wa kosa, kama ulikuwepo, ungemnyima dhamana ya kituoni. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumkalisha siku sita bila kumpeleka kwa hakimu. "Upelelezi unaendelea" ni jibu la kutolewa mbele ya hakimu, si dirishani kwa ndugu wa mtuhumiwa.

Mlichotakiwa kufanya siku ya pili au ya tatu ni maombi ambayo mawakili huyaita kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus. Yanapelekwa Mahakama Kuu kwa hati ya dharura pamoja na hati ya kiapo ya ndugu, yakimtaka aliyemshikilia mtu amlete mahakamani na aeleze anamshikilia kwa mamlaka gani. Kwa ninyi si safari ndefu: Mahakama Kuu ina kanda hapohapo Morogoro, kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Na siri ya maombi haya ni kwamba mara nyingi hayafiki hata kusikilizwa. Polisi wakishapokea wito, mtu hufikishwa mahakamani au huachiwa kabla ya tarehe, kisha wakili wa Serikali anasimama kusema maombi yamepitwa na wakati. Kwenye vitabu vya takwimu mmeshindwa. Nyumbani mtu amerudi.

Kwa kuwa ameshaachiwa, njia hiyo imefungwa, na iliyobaki ni madai ya fidia kwa kushikiliwa kinyume cha sheria. Zamani usingeweza hata kuanza bila kibali cha Serikali yenyewe unayotaka kuishtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikasema sharti la kibali linavunja Katiba, Bunge likaliondoa na kuweka badala yake notisi ya siku 90. Hiyo ni hukumu kubwa iliyotekelezwa, na ndiyo inayokufaa wewe leo. Notisi inakwenda kwa mamlaka husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye kesi, na madai yanafunguliwa Mahakama Kuu.

Piga hesabu ya muda. Miezi minne imeshapita, notisi itakula mitatu. Madai yana ukomo wake, na ukomo unategemea jinsi yalivyoandikwa, kwa hiyo usiuache mwaka uishe kabla hujamwona wakili. Kama fedha ni tatizo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake nao husaidia wasio na uwezo. Unaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, bure, ila ujue inatoa mapendekezo, si amri.

Kabla ya yote, andikeni sasa wakati kumbukumbu ni mbichi. Alikamatwa wapi, saa ngapi, na nani aliyeona. Mliotembelea kituoni ni nani, siku zipi, na mlijibiwa nini na askari wa cheo gani. Namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, kama mlipewa. Karatasi ya dhamana au ya kurudishiwa vitu vyake siku ya kutoka. Ujumbe wa simu mliotumiana siku zile sita msiufute, maana una tarehe. Mwenye pikipiki aandike kwamba kwa siku hizo hakupokea hesabu, na hesabu ya kila siku ilikuwa kiasi gani. Wakili ataomba mahakama iamuru kitabu cha mahabusu cha kituo kiletwe, na kama jina la mdogo wako halimo humo, hapo Serikali itakuwa na kazi ngumu zaidi ya kueleza kuliko kama lingekuwemo.